Jinsi ya Kuoka Vitindamlo vya Asili vya Mataifa Mbalimbali Nyumbani

Mtu anayetaka kuoka nyumbani kitindamlo cha taifa jingine kwa kawaida huanza kwa kutafuta viambato, na akishavipata hudhani kwamba sehemu ngumu ya kazi imekwisha. Mimi naona kinyume chake. Mayai, maziwa, sukari, siagi na unga ni vilevile Ureno, Uturuki, Misri, Afrika Kusini na Australia. Kinachovitenga vitindamlo vya nchi hizo ni kiasi cha joto ambacho kila kimoja hudai, na namna kinavyopoa au kinavyonyweshwa shira baada ya kutoka ovenini. Anayelielewa jambo hilo anaweza kukisoma kichocheo asichowahi kukiona na kujua mapema kitaharibikia wapi. Kwa sababu hiyo nimevipanga vitindamlo hapa kwa jinsi vinavyouhimili moto, wala sikuvipanga kwa mabara.

Ipime oveni kabla ya kitu kingine

Namba iliyoandikwa kwenye kitufe cha oveni si kipimo cha uhakika. Oveni nyingi za nyumbani hupishana na namba hiyo kwa nyuzi 10 hadi 20 za Selsiasi, na kwa kitindamlo laini cha mayai na maziwa kama flan tofauti hiyo inatosha kukiharibu. Njia bora ni kununua kipimajoto kidogo cha kuning'iniza ndani ya oveni. Asiyekuwa nacho anaweza kutumia sukari nyeupe ya kawaida, ambayo huyeyuka kwenye nyuzi zinazokaribia 186. Weka kijiko cha sukari katika kibakuli cha foili, washa oveni nyuzi 175, uiache humo dakika 15 baada ya oveni kupata moto: sukari isiyeyuke. Kisha pandisha hadi nyuzi 190 na usubiri dakika 15 nyingine: sasa iyeyuke. Ikiyeyuka mapema, oveni yako ina joto zaidi ya inavyosema. Ikigoma kuyeyuka kwenye 190, ina joto pungufu.

Nyuzi zote nitakazotaja ni za oveni isiyotumia feni, yenye moto juu na chini. Ikiwa yako inapuliza hewa ya moto, punguza nyuzi 20. Iwashe angalau dakika 20 kabla ya kutia chombo, na upime viambato kwa mizani badala ya vikombe, kwa sababu kikombe kimoja cha unga wa ngano kinaweza kuwa gramu 120 au 150 kutegemea jinsi ulivyokijaza.

Vitindamlo vinavyoshikwa na yai

Ute wa yai huanza kuganda kwenye nyuzi zipatazo 62, na kiini kati ya 65 na 70. Yai likichanganywa na maziwa na sukari, kiwango hicho hupanda hadi nyuzi 80 au 85 hivi. Mchanganyiko ukipita hapo kwa mbali, protini za yai hukazana mno na kuyakamua maji zilizoyashika. Ndipo unapoona vitundu na maji yakichuruzika kutoka katika kitu kilichotakiwa kuwa laini. Ustadi wote wa aina hii ya kitindamlo ni kulifikisha yai mahali pake na kulizuia lisivuke.

Tuchukue flan, ambayo Wafaransa huiita crème caramel na ambayo Wahispania waliipeleka Amerika ya Kusini na Ufilipino. Kwa chombo chenye ujazo wa lita moja, weka gramu 120 za sukari na vijiko vikubwa vitatu vya maji katika sufuria yenye kitako kizito, uache vichemke bila kukoroga. Kukoroga huzirudisha ndani chembe za sukari zilizonasa kwenye kuta za sufuria, na sukari yote huweza kuganda upya. Watu wengi huiepua karameli mapema kwa kuogopa isiungue, na matokeo yake ni utamu mtupu. Subiri mpaka iwe na rangi ya kahawia iliyoiva na uone moshi mwembamba wa kwanza, kisha uimimine mara moja ndani ya chombo na kukizungusha ili kitako chote kifunikwe, maana ule uchungu mdogo ndio unaousawazisha utamu wa maziwa.

Pasha moto nusu lita ya maziwa yenye mafuta yake yote pamoja na vanila mpaka yaanze kutoa mvuke, ila yasichemke. Katika bakuli, changanya mayai 3 mazima, viini 2 na gramu 100 za sukari kwa mkono mtulivu, kwa kuwa povu lolote utakalolitia litaonekana baadaye kama vitundu. Mimina maziwa kidogo kidogo huku ukikoroga, yachuje yote, kisha mimina juu ya karameli iliyoganda. Tandika kitambaa katika trei yenye kina, weka chombo juu yake, na ujaze trei maji ya moto mpaka yafike nusu ya kimo cha chombo. Maji hayo hayawezi kupita nyuzi 100 hata oveni ikiwa na moto kiasi gani, nayo ndiyo ngao ya mayai. Kitambaa nacho hukizuia kitako cha chombo kisigusane moja kwa moja na chuma cha trei. Funika kwa foili na uoke kwenye nyuzi 160 kwa muda wa dakika 45 hadi 60. Itoe wakati kingo zimeshika na sehemu ya katikati bado inatikisika kidogo unapokigusa chombo, kwa kuwa joto lililobaki litaimalizia. Iache ipoe, halafu ikae kwenye jokofu usiku mzima. Usiku huo ni wa lazima: karameli iliyokuwa ngumu kama kioo hunyonya unyevu na kugeuka kuwa mchuzi, na anayeipindua flan baada ya saa mbili huacha nusu ya karameli chomboni.

Sasa tazama Ureno. Pastéis de nata ni vitobosha vidogo vya yai na maziwa vinavyohusishwa na Belém, mjini Lisbon, ambako vimekuwa vikiuzwa jirani na monasteri ya Jerónimos tangu mwaka 1837. Hivi huokwa kwenye moto mkali kabisa ambao oveni ya nyumbani inaweza kuutoa, nyuzi 250 na zaidi, tena bila beseni la maji. Kinachoyaokoa mayai ni unga wa ngano uliomo katika mchanganyiko. Chembe za wanga huvimba na kujiweka katikati ya protini za yai, zikizizuia zisikamatane kwa nguvu, na hivyo mchanganyiko unaweza hata kuchemka bila kukatika. Ukilishika jambo hili moja, utaelewa kwa nini kichocheo kimoja cha mayai na maziwa kinataka upole na kingine kinataka ukali: tafuta kama kuna wanga ndani yake.

Kwa vitobosha 12, chukua gramu 300 za kinyunya cha matabaka, yaani kile kilichokunjiwa siagi ndani. Cha kununua kinafaa kabisa mradi kiwe cha siagi halisi. Kitandaze, kiviringishe kwa kukikaza mpaka kiwe gogo jembamba, kipoze kwenye jokofu nusu saa, kisha ukikate vipande 12. Weka kila kipande katika tundu la trei ya keki ndogo, upande uliokatwa ukitazama juu, na kwa dole gumba lililoloweshwa maji ukisukume kutoka katikati kwenda pembeni mpaka kinyunya kipande ukutani na kuvuka ukingo kidogo. Kitako kiwe chembamba kuliko kingo. Kuviringisha huko ndiko kunakofanya matabaka yazunguke kitobosha na kuvunjika vizuri mdomoni, kwa hiyo usikate miduara kwenye kinyunya kilicholala ukitaraji matokeo yaleyale.

Kwa kijazio, chemsha gramu 250 za sukari na mililita 125 za maji pamoja na kijiti cha mdalasini na ganda la limau kwa dakika 3 hivi. Pembeni, koroga gramu 35 za unga katika mililita 250 za maziwa, pika kwa moto wa wastani ukikoroga mfululizo mpaka yawe mazito, halafu mimina shira taratibu baada ya kuondoa mdalasini na ganda. Mchanganyiko ukipungua moto, tia viini 5 na uuchuje. Jaza robo tatu ya kila kitobosha. Trei nzito iwe imekaa ovenini kwenye joto la juu kabisa kwa nusu saa. Weka vitobosha juu yake ili kitako kipate moto mara moja, uoke dakika 12 hadi 16. Yale madoa meusi yatakayotokea juu ndiyo alama ya kitobosha kilichookwa inavyostahili, usiyaogope. Ute wa mayai matano uliobaki uhifadhi kwenye jokofu au friza, kwani una kazi yake mbele.

Vitindamlo vinavyokunywa shira

Hapa ndipo palipo na utajiri mkubwa, kuanzia Balkani na Uturuki hadi Misri, Sham na Bara Hindi, na hapa pia ndipo waokaji wa nyumbani wanapokata tamaa bila sababu. Kanuni mbili zinatosha kukuvusha.

Ya kwanza ni ya shira yenyewe. Tia maji ya limau ndani yake kila unapoipika. Asidi ya limau huigawanya sehemu ya sukari kuwa glukosi na fruktosi, na mchanganyiko wa sukari za aina tofauti hauwezi kujipanga kwa urahisi kuwa chenga. Shira isiyo na limau huonekana safi siku ya kwanza, kisha siku ya tatu baklava, yaani manda zilizopangwa kwa matabaka na kutiwa pistachio au jozi ndani, huanza kuwa na chenga zinazosikika chini ya meno.

Ya pili ni kwamba kimoja kiwe cha moto na kingine kiwe kimepoa. Baklava ikitoka ovenini hukutana na shira iliyopoa, ikalia kwa sauti ya kukaanga na kuivuta shira ndani bila matabaka kulowa. Vyote viwili vikiwa vya moto, wanga wa manda hulainika na kuporomoka. Vyote vikiwa baridi, shira hubaki juu na chini kukawa kukavu. Kwa hiyo pika shira kwanza, hata kabla ya kuanza kupanga manda.

Baklava ya Gaziantep, kusini mashariki mwa Uturuki, ilipewa mwaka 2013 ulinzi wa jina la kijiografia na Umoja wa Ulaya, ikiwa bidhaa ya kwanza ya Uturuki kupata heshima hiyo. Katika zama za Dola ya Uthmaniyya, sultani aliwagawia askari wake wa Janissari trei za baklava siku ya 15 ya Ramadhani, nao walizibeba kwa msafara kutoka jikoni mwa kasri la Topkapı. Kitu kilichostahili msafara wa namna hiyo kinastahili samli safi, na hili nalisisitiza. Siagi ya kawaida ina maji yapatayo asilimia 16 pamoja na mabaki ya maziwa. Maji hulowesha manda, mabaki huungua na kuacha vidoa. Ikiwa huna samli, yeyusha siagi kwa moto mdogo, engua povu, na umimine mafuta yaliyotakata ukiacha mashapo chini.

Kwa trei ya sentimita 25 kwa 35, andaa gramu 450 za manda za filo, gramu 250 za samli iliyoyeyushwa na gramu 300 za pistachio au jozi zilizopondwa bila kuwa unga. Manda ambazo hujazitumia zifunike kwa kitambaa chenye unyevu, kwa kuwa zikikaa wazi kwa dakika chache huanza kupasuka. Panga nusu ya manda, ukipaka samli kila moja, nyunyiza pistachio au jozi hizo, kisha panga nusu ya pili. Kata vipande mpaka chini kabisa kabla ya kuoka. Baklava iliyokwisha kuokwa haikatiki, husambaratika, na bila mikato hiyo shira haina njia ya kushukia. Oka kwenye nyuzi 170 kwa dakika 50 hadi 60, mpaka matabaka ya ndani nayo yakauke. Shira yake ni gramu 400 za sukari, mililita 300 za maji na kijiko kikubwa cha maji ya limau, iliyochemka polepole dakika 10 na kupoa kabisa. Imimine yote mara tu trei inapotoka. Usiifunike, kwa sababu mvuke ulionaswa utaulowesha ukavu ulioutafuta kwa saa nzima, na uipe saa 6 au 8 kabla ya kula.

Basbusa ya Misri ni rahisi zaidi, na ningemshauri anayeanza aanzie hapo. Sugua gramu 350 za semolina nene na gramu 120 za samli kwa vidole mpaka kila punje ivikwe mafuta. Hatua hii huzipunguzia punje kasi ya kunyonya maji na kuifanya keki iwe na chengachenga badala ya kuwa nzito. Ongeza gramu 150 za sukari, kijiko kimoja na nusu cha chai cha bekingi pauda na gramu 250 za mtindi, uchanganye kwa muda mfupi tu. Tandaza katika trei ya sentimita 20 kwa 30 iliyopakwa samli, lainisha juu kwa kiganja chenye maji, chora mikato, na uweke lozi moja katikati ya kila kipande. Oka kwenye nyuzi 190 kwa dakika 30 hadi 35, mpaka juu pawe na rangi ya dhahabu iliyokolea. Shira ni gramu 300 za sukari, mililita 250 za maji na kijiko kikubwa cha maji ya limau, pamoja na maji ya waridi kidogo yanayotiwa mwishoni. Hii humiminwa ikiwa ya uvuguvugu, kwa sababu semolina huvumilia joto kuliko manda.

Na kwa kuwa kanuni ni za kueleweka, si za kukariri, malva ya Afrika Kusini huivunja ile ya pili kwa makusudi. Malva hutakiwa ilowe mpaka chini, kwa hiyo mchuzi wa moto humiminwa juu ya keki ya moto. Piga yai moja na gramu 150 za sukari mpaka vipauke, tia kijiko kikubwa cha jamu ya aprikoti, kisha gramu 150 za unga wa ngano, kijiko cha chai cha bikabonati ya soda na mililita 125 za maziwa ambamo umeyeyusha kijiko kikubwa cha siagi na kutia kijiko cha chai cha siki. Siki na bikabonati hutoa gesi papo hapo, kwa hiyo usichelewe kuipeleka ovenini, nyuzi 180, dakika 40. Mchuzi wake ni mililita 200 za krimu, gramu 100 za siagi, gramu 100 za sukari na mililita 80 za maji, vilivyochemka pamoja. Itoboe keki kwa kijiti na kuinywesha taratibu.

Ombi langu moja kwa wanaopunguza sukari: msiipunguze kwenye shira wala kwenye pavlova inayofuata. Sukari hapo inajenga umbo, inashika maji na kukihifadhi kitindamlo. Kata kipande kidogo zaidi, na kitakuwa bado ni kitindamlo chenyewe.

Pavlova, na neno fupi juu ya biskuti za Uskoti

Pavlova, kitindamlo cha povu la ute wa yai na sukari lililookwa, ilipewa jina la Anna Pavlova, mcheza densi wa Urusi aliyezuru Australia na New Zealand mwaka 1926, na nchi hizo mbili bado zinashindania asili yake. Hapa ndipo ute wa mayai matano unapopata kazi. Bakuli lisiwe na chembe ya mafuta wala ya kiini, kwa kuwa mafuta huzuia povu lisijengeke. Piga ute mpaka utoe povu laini linalosimama, kisha tia gramu 280 za sukari ya chenga ndogo, kijiko kimoja kwa wakati, na usikimbilie kijiko kinachofuata. Lisugue povu kati ya vidole. Ukisikia chenga, endelea kupiga, maana sukari isiyoyeyuka itatoka baadaye kama matone ya asali pembeni. Malizia kwa vijiko vya chai viwili vya wanga mweupe wa mahindi na kimoja cha siki, vinavyoiacha katikati iwe laini. Tandaza duara la sentimita 20 juu ya karatasi ya kuokea, ingiza kwenye oveni ya nyuzi 150, punguza papo hapo hadi 120, na uoke saa moja na robo. Zima oveni na uiache pavlova humo mpaka ipoe kabisa, kwani hewa ya baridi ya ghafla huipasua. Siku ya mvua au unyevu mwingi chagua kitindamlo kingine.

Biskuti za siagi za Uskoti hazihitaji maelezo marefu: sehemu moja ya sukari, mbili za siagi, tatu za unga, kwa uzito, bila yai wala hamira. Kanda kwa muda mfupi tu, gandamiza kwenye trei, toboa kwa uma, oka kwenye nyuzi 160 kwa dakika 35 hadi 40, na uzitoe zikiwa bado zimepauka.

Ukitaka kuandaa vitindamlo kadhaa kwa siku moja

Oka biskuti na baklava siku mbili kabla. Zote mbili hukaa vizuri nje ya jokofu, na baklava huzidi kunoga siku ya pili. Flan na basbusa zitengenezwe jana yake, flan ikae jokofuni bila kupinduliwa, basbusa ifunikwe ikishapoa. Gamba la pavlova nalo linaweza kuokwa jana yake jioni na kulala ndani ya oveni iliyozimwa, ila krimu na matunda viwekwe wakati wageni wamekwisha kuketi, kwa sababu unyevu wake huanza kulilainisha mara moja. Pastéis de nata ndizo za mwisho: kinyunya kiwe tayari kwenye trei na kijazio kwenye jagi, vyote jokofuni, oveni iwe imefika joto lake la juu kabisa, uzijaze na kuzioka nusu saa kabla ya kuziandaa mezani, na uzinyunyizie mdalasini zikiwa bado zina uvuguvugu.